Tuinuke Kwenye Mkeka

Nina ombi moja kwako, na ningependa ulitimize leo kabla hujalala. Tandika mkeka, keti chini, kisha simama. Usishike ukuta, usishike kitanda, usimwite mtoto akupe mkono. Kama umri umekwenda au miguu haina uhakika, mweke mtu karibu akudake ukiyumba. Halafu uangalie mwili wako unafanya nini: unaanzia upande gani, mkono unakimbilia wapi, goti lipi linalalamika, na ukishasimama pumzi imekupanda kiasi gani.

Mimi jambo hilo lilinishinda nikiwa na miaka 44, mbele za watu. Tulikuwa matangani, Ngamiani, Tanga, tumekaa kwenye mikeka tangu baada ya adhuhuri. Ilipoadhiniwa alasiri kila mtu akanyanyuka kwenda msikitini, nami nikabaki nimeegemea mkono wa kushoto, mguu mmoja nimeukunja, mwingine umenyooka mbele, sijui nianzie wapi. Wazee wawili wa rika la marehemu baba yangu waligeuka, wakarudi, wakanishika makwapa. Mmoja akasema, "Pole mwanangu, taratibu." Kandambili zangu zilikuwa zimegeuka mlangoni. Nilizigeuza kwa vidole vya miguu, maana kuinama sikuweza.

Miezi kumi kabla ya siku hiyo nilikuwa nimenyanyua dumu la lita 20 bombani huku nimejipinda kumjibu jirani, na kiuno kikanikamata hapo hapo. Nilikwenda hospitali moja, nikapigwa eksirei, nikaonyeshwa picha na kuambiwa pingili zimesagika. Nisiiname tena, nisinyanyue kitu kizito, nilale chini. Hakuna aliyeniambia masharti hayo yataisha lini. Nikatii. Maji akawa anachota mtoto, mfuko wa unga anabeba mke wangu, na mimi nikawa mtu wa kukaa. Kiuno hakikupona. Mapaja yalipungua hadi suruali zikaanza kupwaya, na kila nilipowaza kuinama, mgongo ulijikaza hata kabla sijainama.

Najua tuko wengi. Mwaka 2020 watu wanaoumwa kiuno duniani walikadiriwa kufika milioni 619, na inatazamiwa ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowanyima watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya shughuli zao za kila siku. Nenda kijiwe cha bodaboda, nenda kwa mafundi cherehani, nenda chumba cha walimu, uulize nani hana kiuno kinachomsumbua. Ongeza magoti, mabega na nyonga, utakuta nyumba nzima inaumwa na kila mmoja anaumwa kimya kimya na dawa yake kwenye droo.

Ninachokuja kuwaomba ni hiki: tuache kuyatunza maumivu kwa kukaa. Turudishe nguvu za misuli, sisi wenye miaka 40 na wazazi wetu wenye 70 na 80, na tufanye hivyo pamoja, mtaani kwetu, kwa vitu tulivyonavyo.

Neno la kwanza ni kuhusu maumivu yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayotutia hofu. Maumivu ya mwanzo, yale ya siku kiuno kilipokamata, yana kazi yake: yanakulinda usiendelee kuumia. Lakini mwili ni kama mlinzi wa mtaa uliowahi kuibiwa. Baada ya wizi ule, mlinzi hupiga filimbi hata paka akikatiza uchochoroni. Filimbi ni ya kweli, umeisikia, imekuamsha, lakini mwizi hayupo. Kiuno cha miezi kumi mara nyingi kiko hivyo. Kidonda cha ndani kilikwisha kuunga, ila neva na ubongo vimebaki macho kupita kiasi. Mlinzi wa namna hiyo hatulizwi kwa kumfungia mlango. Hutulia akizoeshwa kidogo kidogo kwamba kuinama si hatari, kubeba si hatari, kugeuka si hatari.

Na zile picha? Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za uti wa mgongo za maelfu ya watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa vijana wa miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zao zimeanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu hawa walikuwa wazima, wanatembea, hawadai kitu. Kizingiti cha nyumba ya zamani hulika katikati kwa kukanyagwa miaka na miaka, na mlango bado unafungwa vizuri. Sisemi picha hazina maana. Zipo zinazookoa maisha. Nasema ukiambiwa pingili zimesagika, usitoke pale ukidhani umehukumiwa. Uliza swali moja: "Daktari, kwa hali hii nifanye mazoezi gani?" Usiondoke bila jibu.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuhudumia maumivu sugu ya kiuno. Umo ushauri wa mazoezi na wa kumwelimisha mgonjwa. Mikanda ya kiuno, ile tunayouziwa madukani kwa bei kubwa, mwongozo unashauri isiwe tiba ya kawaida. Niliwahi kuwa nayo miwili.

Kukaa nako kuna gharama ambayo hatuioni mara moja. Huko Marekani wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliwahi kulazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti. Siku 10 tu, na miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Fikiria basi mzee wetu anayeambiwa "pumzika" bila tarehe. Hata bila ugonjwa, misuli huanza kupungua tukivuka miaka 30, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Ndipo mtu anashindwa kushuka kwenye daladala, anajikwaa kwenye mfereji, anavunjika nyonga, na kuanzia siku hiyo hatoki nyumbani.

Lakini misuli ina huruma. Ukiirudia, inakurudia, na haiangalii cheti cha kuzaliwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, mjini Boston, wakazi kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki. Wiki nane zilipokwisha, tisa waliomaliza walikuwa wameongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174. Naomba urudie kusoma umri wao.

Kwangu mimi si Boston iliyonifungua macho. Ni shangazi yangu.

Shangazi amevuka 70, na kwa miaka sita alikuwa akisali juu ya kiti. Magoti. Asubuhi bamia za kuchemsha, jioni bamia kwenye mchuzi, kwa kuwa aliambiwa na wenzake, kama tulivyoambiwa wote, kwamba ute wa bamia huenda magotini. Siku akizidiwa anamtuma mjukuu duka la dawa kuchukua diklofenaki. Nilipompeleka hospitali ya mkoa kuonana na kijana wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, sikutegemea kitu. Nilikuwa namsindikiza tu.

Kijana yule hakuanza na goti. Aliuliza, "Bibi, kuna kitu gani unatamani kukifanya ambacho goti linakuzuia?" Shangazi alinyamaza kidogo, akajibu, "Natamani kusujudu chini, mwanangu." Kijana akamsogezea kiti, akamwomba akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano. Alisimama mara tatu, ya nne akarudi nyuma kabla hajanyooka. Kwa wataalamu, mtu mzima anayetumia zaidi ya sekunde 15 kusimama na kukaa mara tano ana miguu iliyopungukiwa nguvu. Shangazi hata tano hakufika. Kijana hakumsikitikia. Akamwambia, "Bibi, magoti yako hayajafa. Yamelala na njaa."

Akaeleza, na naeleza kama alivyotueleza. Ukila kuku, mwishoni mwa mfupa kuna ile sehemu nyeupe, laini, inayong'aa, ambayo watoto hupenda kuitafuna. Ndiyo gegedu. Na sisi tunayo gotini. Gegedu haina mishipa ya damu ya kuiletea chakula. Chakula chake kimo katika ute wa goti, na inaupata kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama unavyolikamua chicha na kulitia maji tena. Goti lisilopinda halili. Bamia ni mboga nzuri, tuendelee kuila, lakini ute wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Ute wa goti unatengenezwa na goti lenyewe, linapotembea. Akaongeza kwamba kila kilo moja ya unene mtu anayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Shangazi alianza na kiti kilichoongezewa blanketi lililokunjwa mara nne, ili asikae chini sana. Jumatatu na Alhamisi, mara nane, anapumzika, mara nane tena. Kila baada ya wiki mbili tunaondoa kunjo moja la blanketi. Blanketi lilipokwisha tukahamia kwenye kigoda cha jikoni, kile cha kukunia nazi, kisha kwenye ngazi ya mlango. Mwezi wa kwanza alilalamika kila siku. Mwezi wa pili alikuwa ananikumbusha yeye. Ilifika Ramadhani. Jioni moja nilimkuta ameketi barazani baada ya magharibi, na kwenye paji lake la uso kulikuwa na mistari midogo iliyokatana, alama za ukindu wa mkeka. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Niliingia ndani kunawa.

Magoti yake bado yanauma baadhi ya siku, hasa mvua ikikaribia. Diklofenaki hajaiacha kabisa, lakini kopo linakaa miezi. Hapa nisieleweke vibaya. Dawa hizo zina mahali pake kwa siku chache za maumivu makali. Hatari ni kuzimeza kama karanga mwaka hadi mwaka: zinachubua tumbo hadi vidonda, zinaumiza figo, zinapandisha presha. Mwenye presha, kisukari au figo zenye shida asizinunue bila kumweleza mtaalamu habari zake zote. Nawaombeni ndugu zangu wauzaji wa dawa, mkimwona mama yule yule akirudi kila Ijumaa kwa dawa ile ile, mwulizeni anaumwa nini na tangu lini. Swali hilo halina gharama.

Yako maumivu ambayo si ya kungoja wala kuyafanyia mazoezi, bali ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au mguu unaoishiwa nguvu na kuburuzika. Vilevile mgongo ulioanza kuuma baada ya ajali au kuanguka vibaya. Na sisi wa huku tukumbuke kifua kikuu, maana hakikai mapafuni tu. Kinaweza kula pingili za mgongo taratibu kwa miezi. Ukiona maumivu yasiyolala usiku, homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, na mwili unakonda bila sababu, usikandwe wala usiumikwe. Nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa sisi wengine, tuliobaki na viuno vya zamani na magoti yanayokwaruza, kazi inaanzia nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa wiki, mbali na zile dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa haraka. Wengi tunaijua ile ya kutembea. Ya misuli tunadhani ni ya vijana wanaotaka vifua.

Kifaa bora kabisa kiko bombani kwako. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni mizani ambayo kila nyumba inayo. Lita 5 ni kilo 5. Liweke juu ya sanduku au kigoda, simama karibu nalo, kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma, linyanyue kwa mikono miwili hadi umenyooka, lirudishe taratibu. Likiwa jepesi hadi unaweza kulinyanyua mara 12 bila jasho, ongeza kikombe cha maji. Wiki ijayo kikombe kingine. Vyuma vya jimu hupanda kwa hatua zilizokwisha kupangwa. Dumu linapanda kwa kiasi unachotaka. Lile lililonikamata kiuno ndilo nililofanyia mazoezi. Nilianza na lita 4, nikiwa natetemeka, na nilichukua miezi saba kulijaza.

Ukuta nao ni kifaa. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, piga pushapu ukiwa umesimama, na mabega yakizoea hamia kwenye ukingo wa kitanda. Ukisubiri uji uchemke, shika meza ujinyanyue kwa vidole vya miguu na kushuka pole pole. Kiti nimekwisha kukisema. Fanya kila zoezi mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia mizunguko miwili au mitatu. Zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, la sivyo misuli haitapata habari. Usibane pumzi, hasa mwenye presha: toa pumzi unaponyanyua. Aliyepasuliwa karibuni, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia aanze kwa kuonana na mhudumu wa afya.

Na ukisikia maumivu ukiwa katikati ya zoezi? Nililofundishwa, na ambalo limenisaidia kuliko vidonge, ni kuiuliza asubuhi ya kesho. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Kama yamezidi, punguza maji kwenye dumu au punguza idadi, lakini usiache. Usichanganye na ule uchovu wa nyama unaokuja siku ya pili au ya tatu, mapaja yakawa mazito kupanda ngazi. Huo ni wa mgeni wa mazoezi, unapita. Kifundo kilichoteguka hivi karibuni kipe siku mbili tatu za kupumua, kisha anza kukikanyagia kwa kiasi. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeanzisha mwaka 1978 ule ushauri maarufu wa kupumzisha jeraha na kuliwekea barafu, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona.

Hapa najua nani atanijibu. Mama anayechota maji, kupasua kuni na kutwanga ataniambia mazoezi anafanya tangu alfajiri. Mpagazi wa sokoni ataniambia vivyo hivyo. Nawaheshimu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walionekana kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Ni ufundi mkubwa uliomo katika mwendo wao. Kazi, hata hivyo, haikuulizi kama jana ulilala vizuri. Haipandi kikombe kwa kikombe na haina siku ya kupumzika. Ndiyo maana mbebaji anaweza kuwa na nguvu na bado akaumia.

Kwa hiyo kuhusu wabebaji, ombi langu ni kwetu sisi tunaowapakia. Tuache lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Sheria yetu ya vipimo inaruhusu gunia hadi kilo 100, na bado tunalifunga kofia juu. Kenya imekwisha kuweka kilo 50 kwa gunia la viazi. Kijana wa miaka 22 anayebeba lumbesa leo ndiye atakayekuwa anasali juu ya kiti akiwa na 45. Mfanyabiashara, gawanya gunia. Mnunuzi, kataa kununua.

Na sasa niwageukie wenye mamlaka ndogo za mitaa yetu, ambazo mimi naziona ndizo kubwa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar hukusanya vikundi vyake vya mazoezi kila tarehe 1 Januari. Huku mitaani tuna klabu za jogging, Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, nyimbo, barabara yote inaamka. Nawapenda. Lakini angalieni wanapopita: wazee wako barazani wanawapungia mkono. Wanafurahi kuwaona, na wanabaki pale pale.

Viongozi wa klabu, nawaomba mara moja kwa mwezi msipite. Simameni kwenye baraza hiyo kwa dakika 20. Kila kijana amchukue mzee mmoja, amsogezee kiti, amhesabie kusimama na kukaa. Vijana wa jimu za uani, mnaonyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege kwenye bomba, wapeni kina mama saa moja ya asubuhi ambayo nyinyi hamna kazi nayo. Tena waachieni ua peke yao, mumfundishe binti mmoja aongoze, kwa sababu wengi hawatajinyoosha mkiwatazama. Maimamu na wachungaji, mnawaona wanaoongeza viti msikitini na wanaoshindwa kupiga magoti kanisani. Baada ya ibada watajieni siku na saa ya mazoezi kama mnavyotangaza mazishi na harusi. Ukumbi wa madrasa hauna mtu saa nne asubuhi. Wenyeviti wa mitaa, zibeni mashimo kwenye njia ya kwenda zahanati, na ombeni mtaalamu wa mazoezi tiba kutoka hospitali ya wilaya aje mara moja tu awaonyeshe watu wawili watatu wa kuendeleza. Wataalamu hao ni wachache, wakimngoja kila mgonjwa mezani kwao hawatamaliza. Tarehe 8 Septemba ni siku yao duniani. Ni siku nzuri ya kumwalika mmoja.

Nanyi wenzangu wenye wazazi: tumezoea kuonyesha mapenzi kwa kuwazuia. "Mama kaa, nitaleta." "Baba acha, usiinue." Kila tunapomnyang'anya mzee ndoo, tunampunguzia siku za kujitegemea. Mwachie ndoo ya lita 3. Mwachie ngazi, wewe simama nyuma yake. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti nyingi za wazee, uligundua kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Mkeka nao usiutupe kwa sababu umenunua makochi. Watafiti waliokaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi waliandika mwaka 2020 kwamba watu hao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa wakaaji wa mjini, ila sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu inabaki kazini. Bibi zetu walichuchumaa kuwasha moto, kuchambua mchele, kufua. Tumewaondolea moshi, vizuri sana. Tusiwaondolee na miguu.

Sisi kwetu tumeanza kidogo. Jumamosi ya pili ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika ua wa shangazi, watu kumi na wawili au kumi na watano, wanawake upande wa jikoni, wanaume upande wa mwembe. Mmoja ana mguu uliovunjika mwaka juzi kwa pikipiki, mwingine alishonewa goti, wawili wana presha na hupimwa kabla hatujaanza. Dada muuguzi anayeishi nyumba ya tatu huja na mashine yake. Hatulipishani. Ukitaka kuanzisha kwenu, huhitaji zaidi ya hapo: ua uliofagiwa, viti visivyoyumba vilivyoegemezwa ukutani, madumu ya lita 5 kwa idadi ya watu, maji ya kunywa, na mtu mmoja mwenye sauti ya kuhesabu. Kwetu anahesabu shangazi. Akimwona mtu anataka kuachia kwenye sita, hurudi tano.